Fanksheni Ikishindwa, Nani Ataambiwa?

Kwa nini katika lugha ya C sifuri ndiyo alama ya mafanikio? Karibu kila anayeanza kujifunza lugha hiyo huuliza swali hili, kwa kuwa jambo lenyewe linaonekana limepinduliwa. Kwenye mtihani, sifuri ni kushindwa. Hata ndani ya C yenyewe, kwenye sharti la `if`, sifuri husomwa kuwa “si kweli” na namba nyingine yoyote kuwa “kweli”. Kisha fanksheni inamaliza kazi yake vizuri kabisa na kurudisha sifuri.

Sababu yake ni nyepesi. Kufanikiwa kuna namna moja, kushindwa kuna namna nyingi. Faili lisipofunguka, huenda halipo, huenda mtumiaji hana ruhusa, huenda kumbukumbu ya kompyuta imekwisha. Anayesubiri matokeo anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo sifuri, ambayo ni moja tu, ilipewa hali isiyohitaji maelezo, na namba nyingine zikagawiwa sababu za kushindwa. Katika Linux, 2 ni “faili halipo”, 12 ni “kumbukumbu haitoshi”, 13 ni “ruhusa imekataliwa”, na 28 ni “diski imejaa”.

Desturi hii ilikua pamoja na Unix na C katika Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970, na ingali hai. Hata programu nzima inapomalizika huacha namba moja, kati ya 0 na 255, ili programu iliyoianzisha ijue mambo yalikwendaje. Mpaka huo wa 255 una mtego wake. Mwandishi akiamua programu irudishe idadi ya makosa iliyoyakuta, siku yatakapopatikana makosa 256 mfumo utabakiza biti nane za mwisho tu, yaani tarakimu nane za mwisho za namba hiyo ikiandikwa kwa 0 na 1. Zote nane ni sifuri. Kazi iliyoharibika kupita kiasi itaripotiwa kuwa imefaulu.

Maneno manne ya kuanzia

- *Fanksheni* ni kipande cha programu chenye jina na kazi yake maalumu. Hupewa data, huifanyia kazi, kisha hurudisha jibu.
- *Mwitaji* ni sehemu ya programu iliyoiagiza fanksheni na inayosubiri jibu hilo.
- *Kompaila* ni programu inayosoma maandishi ya mwandishi na kuyageuza yote kuwa maagizo ya mashine kabla kazi haijaanza. C, C++, Ada, Go, Rust na Swift ni lugha za kukompailiwa.
- *Aina* ni tamko la kitu gani kinaruhusiwa kukaa mahali fulani katika programu: namba kamili, maandishi, orodha na kadhalika. Kompaila hukataa matumizi yasiyolingana na aina iliyotajwa.

Kompaila hupitia kila mstari kabla programu haijamfikia mtumiaji, na haichoki wala haisahau. Lakini hukagua tu yale iliyoambiwa. Katika C, kwa sehemu kubwa, haijaambiwa lolote kuhusu kushindwa, na miaka hamsini ya lugha zilizofuata inaweza kusomwa kama juhudi za kuiambia.

Jibu moja lenye kazi mbili

Fanksheni ya C hurudisha jibu moja. Ugumu unaanza hapo hapo. Katika programu ya huduma ya fedha kwa simu inaweza kuwamo fanksheni iitwayo `salio`, inayopewa namba ya simu na kurudisha kiasi cha fedha kilichomo kwenye akaunti. Mawasiliano na hifadhidata yakikatika, irudishe nini?

Ikirudisha 0, mteja mwenye laki tatu ataonekana hana kitu. Ikirudisha -1, mwitaji anayeijua desturi hiyo ataelewa. Lakini mwitaji mwingine, anayejumlisha salio za wateja elfu kumi, atapunguza shilingi moja kwa kila mteja ambaye taarifa zake hazikupatikana, na jumla itakayotoka haitamshtua mtu. Na siku huduma itakapoanza kuruhusu wateja kudaiwa, -1 itakuwa salio halali la mtu fulani. Kiini cha tatizo ni kwamba jibu la kweli na taarifa ya kushindwa vyote ni namba kamili. Kwa kompaila ni kitu kimoja.

Maktaba ya kawaida ya C, yaani mkusanyo wa fanksheni unaokuja na lugha yenyewe, ina mifano mingi ya ugumu huu. Fanksheni `atoi` hugeuza maandishi kuwa namba. Ikipewa “0” hurudisha 0, na ikipewa “ndizi” hurudisha 0 vilevile. Fanksheni `getchar` husoma herufi moja moja kutoka kwenye data inayoingia, na data ikiisha hurudisha alama ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni -1. Kwa sababu hiyo jibu lake lilipewa aina ya namba kamili pana, ili -1 isigongane na herufi yoyote. Mwanafunzi akilihifadhi jibu hilo katika nafasi ya herufi, kama inavyoonekana kuwa sawa, moja kati ya mambo mawili linaweza kutokea. Kwenye mashine ambako herufi huweza kuwa hasi, baiti (biti nane) yenye thamani 255 hufanana na alama ya mwisho na usomaji hukatika katikati ya data. Kwenye mashine ambako herufi haiwi hasi, alama ya mwisho haitambuliki kamwe na programu huzunguka bila kukoma.

Kwa maelezo zaidi ya kushindwa, C ina `errno`, mahali maalumu ambapo namba ya hitilafu huandikwa pembeni huku fanksheni ikirudisha -1. Kwenye Linux safari ya namba hiyo inaonekana vizuri. Kiini cha mfumo endeshi hurudisha namba hasi kati ya -4095 na -1. Maktaba ya C huipokea, mathalani -2, huandika 2 ndani ya `errno`, kisha humpa mwitaji -1. Taarifa iliyokuwa kamili mahali pamoja inagawanywa vipande viwili, na mwitaji anatakiwa akumbuke kuviunganisha kabla wito mwingine haujaandika juu ya kile cha pembeni. Isitoshe, hakuna fanksheni ya maktaba inayoirudisha `errno` kuwa sifuri. Namba iliyoachwa na hitilafu ya zamani inaweza kudhaniwa kuwa ya sasa.

Desturi zinapogongana

Hakuna sheria inayozitaka fanksheni zote za C zifuate desturi moja. Baadhi hurudisha 0 kwa mafanikio na -1 kwa kushindwa. Nyingine hurudisha 1 kwa ndiyo na 0 kwa hapana. Nyingine hurudisha pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, na anwani tupu huwa ndiyo alama ya kushindwa. Mwandishi anayechanganya desturi mbili haonywi na kompaila, kwa kuwa namba ni namba. Baadhi ya matundu mabaya kabisa ya usalama katika programu zinazotumiwa duniani kote yalitokana na mchanganyiko huo tu.

OpenSSL ni maktaba inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Fanksheni yake `EVP_VerifyFinal` hukagua sahihi ya kidijitali na kurudisha majibu matatu: 1 ikiwa sahihi ni halali, 0 ikiwa si halali, na -1 ikiwa ukaguzi wenyewe umeshindwa kufanyika. Waitaji kadhaa, ndani ya OpenSSL na katika programu nyingine, waliandika sharti la namna hii: jibu likiwa sifuri, kataa, vinginevyo, endelea. Hivyo -1 ikapita kama ndiyo. Mshambuliaji hakuhitaji kughushi sahihi nzuri. Sahihi iliyovurugwa hadi isikaguliwe ilitosha. Tatizo lilitangazwa Januari 2009, na miongoni mwa programu zilizolazimika kurekebishwa ni BIND, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na NTP, inayolinganisha saa za kompyuta.

Machi 2014 ilifika zamu ya GnuTLS, maktaba nyingine ya kazi hiyo hiyo. Fanksheni iliyotakiwa kujibu ndiyo au hapana kuhusu cheti cha utambulisho wa seva ilikuwa, inapopatwa na hitilafu, ikirudisha namba hasi ya hitilafu hiyo. Mwitaji alisoma kila kisicho sifuri kuwa ndiyo. Kosa lilikuwa lile lile, katika maktaba tofauti, miaka mitano baadaye. Hiyo inaonyesha kwamba chanzo hakikuwa uzembe wa mtu mmoja.

Kisa cha MySQL cha mwaka 2012 kinastahili kuelezwa polepole. Wakati wa kukagua nywila, programu hiyo ya hifadhidata ililinganisha vipande viwili vya data kwa `memcmp`, fanksheni inayorudisha 0 vikilingana na namba nyingine yoyote visipolingana. Jibu hilo, ambalo ni namba pana, lilihifadhiwa katika nafasi ya baiti moja tu. Namba kama 256 au 512 ikikatwa hadi baiti moja hubaki sifuri, na hapo sifuri ilimaanisha “nywila ni sahihi”. Katika matoleo yaliyokompailiwa kwa namna fulani, nywila yoyote ya uongo ilikuwa na bahati ya takriban moja kati ya 256 ya kukubaliwa. Aliyejua jina la mtumiaji alihitaji kurudia majaribio mara mia chache tu, kazi ambayo kompyuta huimaliza haraka sana.

Kosa la Apple la Februari 2014 linajulikana zaidi, maana lilionekana kwa macho. Fanksheni ya kukagua sahihi ya seva ilikuwa na kigeu, yaani nafasi yenye jina ya kuhifadhia thamani, kiitwacho `err`. Kila hatua iliweka jibu lake humo, na jibu likiwa tofauti na sifuri programu iliruka hadi mwisho wa fanksheni, mahali palipoitwa `fail`. Mstari wa kuruka ulirudiwa mara mbili kwa bahati mbaya, na ule wa pili haukuwa chini ya sharti lolote. Programu iliruka kila mara, kabla ya hatua ya mwisho ya kukagua sahihi, huku `err` ikiwa bado na sifuri ya hatua iliyopita. Fanksheni ilitoka kupitia njia ya kushindwa ikiwa na jibu la kufaulu. Simu na kompyuta za Apple zilibaki wazi kwa yeyote aliyeweza kukaa katikati ya mawasiliano yake, mpaka marekebisho yalipotolewa.

Jibu lisilosomwa

Kuna hatari nyingine iliyo ya kawaida zaidi: mwitaji haangalii jibu kabisa. C inaruhusu jibu litupwe bila neno. Fanksheni `setuid`, kwa mfano, hutumiwa na programu iliyoanza na mamlaka yote ya mfumo ili kujishusha hadi mamlaka ya mtumiaji wa kawaida. Waandishi wengi waliiona kama amri isiyoweza kukataliwa. Lakini katika matoleo ya Linux ya miaka hiyo ilishindwa pale mtumiaji lengwa alipokuwa tayari na idadi ya juu ya programu zinazoruhusiwa. Mwaka 2010 udhaifu huo ulitumiwa dhidi ya Android. Mshambuliaji alijaza nafasi zote, huduma moja ya mfumo ikajaribu kujishusha, ikashindwa, haikusoma jibu, ikaendelea kufanya kazi ikiwa na mamlaka yote.

Faili linaloandikwa nalo lina somo lake. Maandishi yakitumwa kwa `fprintf`, mara nyingi hukaa kwanza katika kumbukumbu na kupelekwa baadaye kwa mkupuo. Diski ikiwa imejaa, hitilafu inaweza kujitokeza mara ya kwanza kwenye `fclose`, wakati wa kufunga faili. Ni waandishi wachache mno wanaosoma jibu la `fclose`, na ndiyo maana zipo programu zinazotangaza “imehifadhiwa” huku nusu ya faili haipo.

*Kwa ufupi:* mtindo wa namba wa C ni mwepesi na wa haraka, lakini unaacha kazi tatu zitegemee kumbukumbu ya binadamu. Mwandishi akumbuke kusoma jibu, akumbuke desturi ya fanksheni husika, na akumbuke kutochanganya thamani halali na alama ya kushindwa.

Kurusha na kudaka

Njia ya kwanza kubwa ya kuondoa mzigo huo ilikuwa eksepsheni. Eksepsheni ni tukio la kushindwa ambalo fanksheni hulirusha badala ya kurudisha jibu. Utendaji wa kawaida husimama pale pale, na mashine hupanda kutoka mwitaji hadi mwitaji wake, na wa juu yake tena, mpaka ipate sehemu iliyoandikwa kulidaka tukio la aina hiyo. Isipopatikana, programu hufa. Ada na C++ zina utaratibu huu, na Java pia.

Faida yake ni ya kweli. Fanksheni `salio` hurudisha salio tu, hakuna namba ya uongo. Mwitaji aliyesahau hawezi kuendelea na kazi kana kwamba kila kitu ni sawa. Njia ya kufaulu husomeka bila kukatizwa na masharti kila mstari wa pili.

Gharama yake ni kwamba njia ya kushindwa haionekani. Katika C++, anayesoma mstari unaoita fanksheni kumi hawezi kujua ni ipi kati yake inaweza kurusha, mpaka azifungue zote na zile zinazoitwa nazo. Kompaila za sasa za C++ hupanga mambo ili njia ya kufaulu isilipe karibu chochote, na urushaji wenyewe uwe ghali. Kwa sababu kama hizo, makampuni na miradi mingi hupiga marufuku eksepsheni katika C++. Mwongozo wa uandishi wa Google ni mfano unaojulikana sana. Java ilijaribu kurekebisha kwa kudai fanksheni itangaze baadhi ya eksepsheni inazoweza kurusha, na mwitaji azidake au naye azitangaze. Wazo lilikuwa jema. Lakini waandishi waliochoshwa na matangazo hayo walizoea kudaka eksepsheni na kuacha sehemu ya kuishughulikia ikiwa tupu, na hitilafu ikafa kimya kuliko hata katika C.

Tukio linaloonyesha mipaka ya eksepsheni lilitokea angani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na kuharibika katika dakika yake ya kwanza. Kifaa cha kupima mwelekeo kiliendeshwa na programu ya Ada iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Programu hiyo iligeuza namba yenye desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi kuelekea upande, na namba ikazidi. Eksepsheni ikarushwa, na hapakuwa na wa kuidaka. Wahandisi walikuwa wametambua vigeu saba vya hatari ya aina hiyo na kuvilinda vinne tu. Hesabu iliyoshindwa haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini.

Kilichofuata kinahusu mada hii zaidi ya eksepsheni yenyewe. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimezima sehemu ndogo ya sekunde kabla. Kifaa kikuu, kabla ya kunyamaza, kilituma taarifa ya hitilafu kwa kompyuta ya kuongoza roketi. Kompyuta hiyo iliisoma taarifa ya hitilafu kana kwamba ni vipimo vya safari, ikageuza midomo ya injini kwa nguvu, na roketi ikakatika. Ugonjwa ni ule wa `atoi`: jibu na taarifa ya kushindwa vimepita katika nafasi moja, na mpokeaji hakuwa na njia ya kuvitenganisha.

Go: majibu mawili bega kwa bega

Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google Novemba 2009, ilirudi kwenye majibu ya kawaida lakini ikaruhusu fanksheni irudishe zaidi ya jibu moja. Jibu la kwanza ni thamani, la pili ni hitilafu. Kusipokuwa na hitilafu, la pili huwa `nil`, yaani tupu.

```
kiasi, hitilafu := salio(simu)
if hitilafu != nil {
    return 0, hitilafu
}
```

Kugongana kwa -1 na salio halali kumekwisha. Njia ya kushindwa inaonekana wazi, na msomaji wa programu anajua kila mahali panapoweza kuharibika. Malalamiko makubwa dhidi ya Go ni kwamba mistari hiyo mitatu hujirudia mamia ya mara. Mwaka 2019 lilitolewa pendekezo la kuifupisha kwa neno `try`, likaondolewa mwaka huo huo baada ya upinzani mkali, na mwaka 2025 timu ya Go ilitangaza kwamba imeacha kutafuta mabadiliko ya sarufi kwa ajili ya jambo hilo.

Urefu unavumilika. Pengo zito zaidi ni lile la ukaguzi. Kompaila ya Go hukataa kigeu kisichotumiwa kabisa, lakini haikatai mwitaji anayeiita fanksheni na kutupa majibu yake yote. Tena jibu la kwanza lipo daima. Mwitaji asiyeangalia hitilafu anaweza kuchukua ile 0 iliyorudishwa pamoja nayo na kuiita salio.

Rust: jibu moja lenye sura mbili

Rust, lugha iliyokuzwa katika Mozilla na kufikia toleo la 1.0 Mei 2015, ilichukua wazo lililokuwa likitumika kwa muda mrefu katika lugha za jamii ya ML na Haskell. Jibu linakuwa kitu kimoja kinachoweza kuwa na sura moja kati ya mbili, kamwe si zote mbili kwa pamoja. Aina hiyo huitwa `Result`. Sura ya kufaulu huitwa `Ok` na hubeba thamani. Sura ya kushindwa huitwa `Err` na hubeba hitilafu.

```
fn salio(simu: &str) -> Result<i64, Hitilafu>
```

Tamko hilo linasema: `salio` hurudisha ama namba ama hitilafu. Kompaila haitaruhusu `Result` ijumlishwe na namba, kwa sababu `Result` si namba. Anayetaka salio lazima kwanza aulize ni sura ipi iliyorudi:

```
match salio(simu) {
    Ok(kiasi) => onyesha(kiasi),
    Err(h)    => ripoti(h),
}
```

Akisahau upande wa `Err`, programu haikompailiki. Akiita fanksheni na kutupa `Result` bila kuigusa, kompaila humwonya. Makosa ya OpenSSL na GnuTLS yasingeweza kuandikwa kwa bahati mbaya katika mtindo huu, kwani “si halali” na “ukaguzi umeshindwa” zisingekuwa namba zinazopimwa kwa sharti moja.

Marudio yanayowachosha waandishi wa Go yalipunguzwa mwishoni mwa 2016 kwa alama moja, `?`. Mstari `let kiasi = salio(simu)?;` unasema: ikiwa ni `Ok`, toa thamani; ikiwa ni `Err`, toka kwenye fanksheni hii na umpe mwitaji hitilafu hiyo. Alama ni ndogo, lakini inaonekana, na kwa hiyo inafanya kile ambacho eksepsheni za C++ hazikufanya. Gharama kwa mashine pia ni ndogo. Mahali pengine haipo kabisa: aina `Option`, inayosema “kipo au hakipo”, ikibeba rejeo la mahali kwenye kumbukumbu hutumia nafasi ile ile ya anwani ya kawaida, kwa kuwa kompaila huitumia anwani ya sifuri kama alama ya “hakipo”.

Lugha nyingine zimesogea upande huo. Zig haikubali hitilafu ipuuzwe. Swift, tangu toleo lake la pili la mwaka 2015, hudai neno `try` mbele ya kila wito unaoweza kurusha hitilafu. C++ ilipata alama ya `[[nodiscard]]` mwaka 2017, inayomfanya mwitaji aonywe akitupa jibu, na katika toleo la 2023 ikapata `std::expected`, iliyo ndugu wa `Result`.

Hitilafu ya kutarajiwa na kasoro ya programu

Aina nzuri ya jibu haimalizi kazi ya kufikiri. Kuna kushindwa kunakotarajiwa: mtandao hukatika, faili hukosekana, mteja huandika herufi mahali pa namba. Na kuna kasoro ya programu yenyewe, kama vile kuomba kitu cha kumi na moja katika orodha ya vitu kumi. Kushindwa kwa kwanza hurudishwa kama thamani. Kasoro haina jibu la maana la kurudisha, na Rust na Go zote mbili huisimamisha kazi kwa kile kinachoitwa *paniki*, yaani kusitisha utendaji papo hapo kwa kuwa hali ya programu haiaminiki tena.

Hatari iko pale hitilafu ya kutarajiwa inapogeuzwa kuwa paniki kwa urahisi wa uandishi. Rust ina `unwrap`, inayotoa thamani kutoka kwenye `Ok` na kuzusha paniki ikikuta `Err`. Katika mazoezi na majaribio inafaa. Katika huduma inayotegemewa na watu ni ahadi kwamba kushindwa hakuwezekani, na ahadi hiyo inapaswa kuwa na ushahidi. Tarehe 18 Novemba 2025 sehemu kubwa ya huduma za Cloudflare ilianguka. Badiliko la ruhusa kwenye hifadhidata lilifanya faili moja la mipangilio lirudufishe maingizo yake na kuzidi mpaka wa 200. Programu ya Rust iliyolisoma iliitambua hitilafu hiyo ipasavyo na kuirudisha kama `Err`. Mstari uliofuata uliita `unwrap`. Lugha ilikuwa imetimiza wajibu wake wote, na uamuzi wa mwisho ukabaki kwa mwandishi.

Hitilafu ibebe nini

Namba 2 iliyotoka ndani kabisa ya mfumo inasema faili halipo, lakini haisemi faili gani, wala lilikuwa likitafutwa kwa kazi gani. Kila fanksheni ambayo hitilafu inapitia ndiyo inayojua sehemu ya habari hiyo, na inafaa iiongeze kabla ya kuipitisha. Go ina njia rasmi tangu toleo la 1.13 la mwaka 2019: `fmt.Errorf("kusoma salio la %s: %w", simu, hitilafu)` huifunga hitilafu ya ndani katika maelezo mapya bila kuipoteza, na mwitaji wa juu bado anaweza kuuliza kama ndani yake imo hitilafu fulani. Maelezo hayo marefu ni ya kumbukumbu za mhandisi. Mteja huonyeshwa sentensi moja anayoweza kuifanyia kazi, na asionyeshwe njia za mafaili ya seva.

Muhimu kuliko maelezo ni mgawanyo wa hitilafu kwa kufuata hatua ambayo mwitaji atachukua. Katika fanksheni ya Rust ya kutuma fedha, mgawanyo unaofaa unaweza kuwa huu:

```
enum Hitilafu {
    MtejaHayupo,
    SalioHalitoshi,
    MatokeoHayajulikani,
}
```

Mbili za kwanza zina hakika: fedha hazikutoka, na mteja anaweza kurekebisha na kujaribu tena. Ya tatu hutokea ombi linapofika upande wa pili na jibu likakosa kurudi kabla ya muda kwisha. Huenda fedha zimekwenda, huenda hazikwenda. Mwitaji akilichukulia hilo kama kushindwa kwa kawaida na kurudia, mteja anaweza kukatwa mara mbili. Hatua inayofaa ni kuuliza kwanza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu, au kutuma tena ombi lenye namba ile ile ili upande wa pili utambue kuwa ni marudio. Programu inayolirundika jambo hili pamoja na mengine chini ya “imeshindikana” haiwezi kuchagua hatua hiyo. Lakini likiwa na jina lake ndani ya aina, kompaila ya Rust itamdai kila mwandishi wa `match` isiyo na tawi la jumla (linalopokea chochote kilichobaki) aseme waziwazi afanye nini wakati matokeo hayajulikani.